Sukari ya Mama Hayat

Mwaka ule sukari iliadimika Temeke nzima, na aliyetaka keki alikuja na sukari yake. Mama Hayat alifungua pindo la kanga, akaimimina yote kwenye bakuli langu, hata chembe zilizonasa kwenye mshono akazikung'uta.

"Nifanyie keki ya siku ya kuzaliwa ya Hayat, ya Jumamosi."

"Niandike jina lake juu?"

"Jina la nini? Andika miaka kumi na minne. Iwe kubwa, hata aliyekaa mlangoni aisome."

Udadisi ukanishinda. "Kwani nani anakuja?"

"Wanaleta posa. Baba yake kawaambia ana miaka kumi na minane."

Nilikuwa nimeshika sufuria ndogo ya kuokea. Nikairudisha, nikateremsha ile kubwa ya pilau za harusi.