Mkanda Ulioungua

Binti yangu ni fundi simu. Hakuna kitu asichokifungua. Lakini alipofungua mgongo wa kamera yangu ili aione picha ya mwisho ya baba yake, nilipiga yowe mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Nilidhani ndani kuna kioo, mama," alisema, akiufunga haraka.

"Ndani kuna mkanda! Mkanda ukionja mwanga umeungua, basi tena!"

Baba yake tulikuwa tumemzika wiki iliyopita. Kwenye simu hatukuwa na picha yake hata moja. Kila akielekezewa simu aligeuza uso na kusema, "Mimi mpiga picha wangu nimemuoa."

Niliingia chumba cha giza roho mkononi, binti yangu nyuma yangu. Nikausafisha mkanda kwa dawa. Ulikuwa mweusi tii, isipokuwa kipande kimoja cha ndani kabisa.

Chini ya taa nyekundu nikakimulika kipande hicho juu ya karatasi ya picha, kisha nikaitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa. Ikabaki nyeupe. Nikaitikisa polepole.

Zikatokea nyusi. Kisha tabasamu, na lile pengo la meno alilokuwa akilificha maisha yake yote. Mwanga ulikuwa umemla bega, ukafika shavuni, ukamhurumia. Asante, Mungu wangu.

"Mama, anakuja!" Binti yangu akapeleka kidole kwenye beseni. "Baba anakuja!"

Nikaudaka mkono wake.

"Usimguse. Mwache aje mwenyewe."