Mwisho wa Kila Msomaji

Siku hizo kila riwaya mpya ilitoka ikiwa na mwanzo mmoja kwa wote, lakini mwisho wake ulijiandika wenyewe kufuata matamanio ya msomaji. Kufungua kitabu cha mwenzio kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kumchungulia bafuni.

Mwanahawa na mumewe, Sefu, waliingojea riwaya mpya iliyomhusu mke aliyesafiri mbali kama watoto wanavyoingojea Idi. Ijumaa ilipotoka, walijilaza barazani, kila mmoja na nakala yake.

"Mwanamume unasoma kama unatafuna mifupa! Nimeshakupita," Mwanahawa alimtania.

"Nenda zako, bibie. Wenzako tunaonja."

Katika kitabu cha Mwanahawa, mke alirejea, na mumewe akampokea mizigo huku machozi yakimlenga. Alikifunga akitabasamu. Sefu naye alipomaliza alikwenda kutawadha, akakiacha chake wazi mkekani. Mwanahawa alikiinua ili akifunge, na macho yakamponyoka. Humo mke hakurudi kamwe. Mume alipopata habari hiyo alifungua madirisha yote ya nyumba, akalala usingizi mnono.

"Vipi, wako alirudi?" Sefu aliuliza, akijifuta uso.

"Alirudi. Na wako?"

"Alirudi, mke wangu. Angekwenda wapi?"

Akaketi karibu naye, akamshika mkono kwa upole uleule wa siku zote.

"Juzuu ya pili inatoka mwezi ujao," Sefu alisema, na hamu ilimjaa usoni.