Ndoto za Gusti

Gusti aliangua kilio pale pale ngazini, akamng'ang'ania mama yake sketi. Bwana Havlik, yule mrefu wa ghorofa ya tatu, alikuwa anashuka na sanduku lake jeusi la selo, ile fidla kubwa inayopigwa katikati ya magoti.

"Litammeza Mama!"

"Halina njaa leo, bwana mdogo," Bwana Havlik alitania, akavua kofia, akapita.

Hermine, mama yake, alicheka. Mumewe, Emmerich Tandler, hakucheka. Alichomoa daftari mfukoni akaandika tarehe, saa na dakika.

Ulikuwa mwezi wa nne tangu mtoto aanze kuliogopa sanduku lile, na kila Jumatano Emmerich, karani wa bima, alivuka nusu ya Vienna kumsomea Daktari Perlhefter, mtaalamu wa nafsi na ndoto, na wenzake alichoandika. Daktari alikuwa na jibu tayari. Mtoto wa kiume wa miaka mitano humtaka mama yake awe wake peke yake, na humwona baba yake mshindani; sanduku linalommeza Mama ni baba huyo.

Emmerich aliliamini jibu hilo kuliko Daktari mwenyewe, maana lilimgusa kidonda. Tangu majira ya baridi alikuwa akilala kwenye kochi la chumba cha kusomea, eti anakoroma. Gusti naye kila kukicha alihamia kitandani kwa Hermine, mlango ukafungwa, minong'ono na vicheko vikaanza. Mwanamume mzima mwenye ndevu zake alimwonea wivu mtoto ambaye bado anafungwa kamba za viatu. Aliona haya, lakini roho ilimuuma vile vile.

Baada ya chai ya asubuhi yalikuja mahojiano.

"Haya, mzee mzima, umeota nini?"

Gusti alilamba jemu kidoleni. "Kuna mtu mrefu. Anaimba huku amefumba mdomo. Nywele zangu zinafunguka mpaka kiunoni, yeye anazisuka."

"Na Papa yuko wapi?"

"Papa yuko kazini. Huwa yuko kazini tu."

Kichwa cha Gusti kilikuwa kimenyolewa kama cha kuruta. Emmerich aliandika kwa furaha: mtoto anatamani nywele za mama yake, na yule mtu mrefu ni yeye mwenyewe akishakua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake ilikuwa ndoto ya garimoshi.

"Nakimbilia kupanda. Viatu nimevishika mkononi visilie sakafuni."

"Visisikiwe na nani?"

"Na wewe, Papa."

Jumatano hiyo wenzake Daktari walimpigia makofi, na Daktari mwenyewe akamshika bega mbele ya wote. Emmerich alirudi nyumbani kidevu juu, lakini kufika mlangoni furaha ikamchachia. Kama nadharia ni ya kweli, basi ananyang'anywa mke ndani ya nyumba yake.

"Hermine, kuanzia kesho Gusti asije kitandani kwako. Ameshakuwa mkubwa."

"Mwache mwanangu. Humu ndani ni yeye tu anayenisikiliza."

"Kwani mimi sikusikilizi?"

"Wewe unasikiliza daftari."

Alilirudia neno hilo kichwani usiku kucha. Alimpenda mkewe, alimtaka arudi kwake, na aliyesimama katikati alikuwa na urefu wa meza.

Kulipopambazuka aliamka, akavaa koti la nyumbani, akaenda kumtoa mshindani wake kwa mkono wake mwenyewe. Alishika kitasa cha chumba cha kulala. Kabla hajakizungusha, alisikia sauti ndogo upande wa pili wa mlango.

"Mama, amka. Niambie umeota nini leo. Papa alizipenda sana zile nyingine."