Mwandiko wa Mzee Shebuge

Siku hizo kila karatasi iliyoandikwa kwa mkono ilitakiwa kupelekwa kituoni, isomwe na mashine, kisha isagwe. Bi Mwanakheri alichoka kukumbushwa. Akazipeleka barua za marehemu mumewe, Mzee Shebuge, akarudi mikono mitupu.

Jioni binti yake, Zawena, aliziwasha kwenye skrini ya ukutani. Zote zilitokea kwa herufi za aina moja, nyeusi, zilizonyooka.

"Unaona, mama? Hata neno moja halikupotea."

Bi Mwanakheri alisoma kimya mpaka akafikia ya mwisho, ambayo mumewe alimwandikia kutoka wodini. Ilisema: Sijambo kabisa, usiwe na wasiwasi.

"Kumbe baba alikuwa anapata nafuu," alisema Zawena, ambaye wakati huo alikuwa bado mchanga.

"Hapana, mwanangu. Baba yako alikuwa na mwandiko mzuri, utadhani anatarizi. Lakini humo mistari ilipinda ikaporomoka, na jina lake alishindwa kulimaliza. Nilipoiona tu, nilikubeba mgongoni nikaenda."

Zawena aliitazama tena barua ile. Chini yake jina la baba lilikuwa kamili.

"Wamemmalizia," mama alisema. "Hebu zima, macho yananiuma."