Mbegu Inayowahi

Bwana Mkanga hakuwahi kushika jembe maishani mwake, lakini asubuhi ile alisimama kwenye duka la mbegu, akiulizia mmea usiomshinda mtu asiyejua kilimo.

"Bamia ni rahisi," muuzaji, Bi Mwanaidi, alimwambia. "Miezi miwili unachuma."

"Miwili ni mingi. Mke wangu anaumwa. Anatamani kuiona bustani yake ikiwa na kijani tena."

"Daktari anasemaje?"

Mkanga aliisukuma kando pakiti ya bamia.

"Basi chukua mchicha, kaka. Siku ya nne tu unachipua."

Nyumbani alimwaga pakiti nzima kwenye tuta moja, akamwagilia, kisha akasogeza kitanda hadi dirishani. Mkewe alijiinua kwa kiwiko, akautazama udongo mtupu uliolowa.

"Umeshachipua," akasema.

Mkanga akapiga magoti kando yake, akatazama kule mkewe alikokuwa akitazama.