Lundo la Mawe la Ipole

Chokaa ilimwagika kidogo basini, na abiria wa kiti cha mbele wakageuka kumtazama mzee mwenye tai anayesafiri na ndoo na brashi ya kupaka rangi kuta. Dk. Valentino aliomba radhi, akaibana ndoo katikati ya miguu. Miaka ya nyuma alikuja na wanafunzi, kwa nyimbo na kelele. Mwaka huu somo la historia halikupata hata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, basi alikuja peke yake.

Idara ya Historia ya chuo kile kidogo cha Tabora iliwahi kuwa na walimu wanne. Mmoja alipata kazi Dodoma, mwingine akajitosa kwenye udiwani na hakuonekana tena darasani. Wakabaki wawili: yeye, aliyesomea shahada ya uzamivu Ujerumani kuhusu wapagazi wa misafara, na Bernadeta, mwenyeji wa Kigwa, kule mashariki kwenye reli, aliyechukua shahada zake zote mbili Dar es Salaam na hakuona haya kusema kwamba hajawahi kupanda ndege. Kila mwaka wa masomo ulipofunguliwa walisimama mbele ya wanafunzi kueleza elimu zao. Valentino akimaliza habari za Ujerumani, Bernadeta alisema, "Mwenzangu amesoma mbali. Mimi kazi yangu ni kukagua alichosoma." Wanafunzi walicheka. Valentino naye alicheka, ingawa yalimchoma.

Maana kwa Bernadeta, kwenye ushahidi hakuna cha mjomba wala shangazi. Aliwahi kumfelisha mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyebuni rejea moja tu. Mzazi alipokuja kumlilia alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na alama zikabaki zilezile.

Lundo la mawe alilokuwa akiliendea liko nje kidogo ya Ipole, kando ya njia ya zamani ya misafara. Wazee walisimulia kwamba mpagazi alizikwa hapo, na kila apitaye humtupia jiwe ili naye afike salama aendako. Valentino aliandika katika tasnifu yake kwamba desturi hiyo ingali hai. Kisha mkewe Consolatha akafariki, watoto wakazika na kurudi mijini, naye akaenda kulitazama lundo akakuta limeota nyasi. Alirudi idarani akamwambia Bernadeta kwamba ameandika uongo, kwamba hakuna anayemkumbuka yeyote katika dunia hii, na kwamba anaacha kazi.

"Acha kulialia," Bernadeta alimwambia. "Ushahidi haupimwi kwa macho ya mfiwa. Yapake chokaa mawe yote, urudi mwakani. Lisilo na chokaa ndilo jipya."

Akapaka. Mwaka uliofuata, juu ya mawe meupe yalikaa mawe mapya, mekundumekundu. Valentino, mtu mzima na ndevu zake, alipiga magoti akalia mbele ya wanafunzi. Tangu hapo hakukosa hata mwaka mmoja. Alikuja, akapiga picha, akapaka chokaa, na mwaka mwingine mawe mapya yakamngoja. Hata akagundua kwamba hayakuwa mawe ya Ipole bali ya huko upande wa reli. Aliandika sura nzima kuhusu jambo hilo: bado kuna watu wanaosafiri kutoka mashariki, kwa mkondo uleule wa misafara, na jiwe la kwao mkononi.

Bernadeta aliisoma sura hiyo, akasahihisha mikato, akairudisha. Alisema hana la kusema. Ilikuwa mara ya kwanza kukosa la kusema, na Valentino aliumia kuliko ambavyo angeumia kwa kukosolewa. Alijua tu kwamba Bernadeta haiamini sura ile. Lakini angemnunia vipi mtu wa pekee anayekula naye chakula cha mchana, na ambaye kila Pasaka hurudi kutoka likizo na pikapu yake iliyojaa vumbi, akamwekea mezani chupa ya asali?

Machi mwaka huu Bernadeta alianguka kwa presha, hakuamka. Valentino ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma shahada zake, akasoma miaka yake ya kazi, kisha uchungu ukamponyoka, akaongeza kwamba marehemu alikuwa mkweli mno, hata rafiki yake hakuwahi kumpendelea kwa neno moja.

Sasa kitabu chake kiko kwa mchapishaji, kinasubiri picha ya mwaka huu. Lakini si kitabu kilichomtoa kitandani. Nyumbani hakuna wa kumwambia chai imepoa, na funguo zote za idara ziko mfukoni mwake. Alitaka jiwe moja tu, ajue kwamba yuko mwingine anayepita njia hii na kukumbuka. Upweke ulikuwa umemfikisha hapo.

Aliteremka Ipole, akatembea na ndoo yake. Lundo lilionekana tangu mbali, likimeta kwa jua. Alilizunguka. Akainama, akageuza jiwe moja baada ya jingine, akalizunguka tena. Yote yalikuwa meupe.

Alikuwa bado ameketi chini Martha mfuga nyuki alipotokea njiani na dumu kichwani. Walijuana kwa salamu tu. Martha alimwamkia, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini, akasimama naye akilitazama lundo.

"Mwalimu," alisema, "yule mama wa chuoni kwenu, anayekujaga Pasaka kushusha mawe kwenye pikapu, mwaka huu anaumwa? Asali yake nimemtunzia, chupa mbili kama kawaida."