Nani Atanipokea Stendi

Siku hizi mzee aliyevuka miaka sabini akisafiri kwa basi la matembezi, wakati wa kurudi hashuki mpaka ndugu yake aje stendi amshike mkono. Asipotokea mtu, msindikizaji wa basi humrudisha visiwani Ukerewe, kituo cha mwisho cha matembezi, na huko ndiko anakokaa moja kwa moja. Ndiyo sheria.

Jana baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani kupanga safari yangu. Mkamwanangu Nasra akatandaza ramani juu ya mkeka. Nitapanda Lushoto nikaone ukungu ukishuka kwenye mashamba ya kabichi, niende Njombe kwenye baridi, kisha nivuke kwa kivuko hadi visiwa vya Ukerewe.

"Mama, chukua sweta zote," akasema Nasra. "Na lile blanketi lako zito."

"Blanketi la nini, mwanangu? Hoteli si wanayo?"

Mwanangu Mbaruku akadakia, "Mama na mahoteli! Utadhani kuna bwana harusi anamngoja."

Tukacheka. Kisha nikauliza, "Siku ya kurudi nani atanipokea?"

"Tutaangalia, mama," akasema Mbaruku, bado anaitazama ramani. "Kazi zetu unazijua."

Hapa kwetu Muheza mtu hata akienda Korogwe tu, huagizwa vitu mpaka kikapu kinamwelemea. Basi nikawauliza niwaletee nini.

Wakatazamana.

"Usijichoshe na mizigo, mama," akasema Nasra.

Nikamgeukia Mbaruku. "Hata mapeasi ya Lushoto? Tangu utotoni ulikuwa ukiyalilia."

"Siku hizi siyapendi sana, mama."